Mzigo Haukisiwi: Majibu ya Maswali Yenu kuhusu Kreni

Barua nyingi za safari hii zinahusu ajali za kunyanyua mizigo, na nyingi kati ya hizo zina maneno yale yale: "Tulikadiria kwa macho." Nimechagua sita.

Kreni yetu imeandikwa tani 50, lakini ilipinduka ikiwa na mzigo wa tani 12 tu. Je, mtengenezaji alitudanganya?

Hakuwadanganya, hamkusoma jedwali la uwezo lililomo ndani ya chumba cha mwendeshaji. Tani 50 ni uwezo wa kreni pale mkono wake ukiwa mfupi na mzigo ukiwa karibu kabisa, na kwa kreni nyingi za magari umbali huo ni mita 3 hivi kutoka kitovu cha mzunguko wake. Kadiri mzigo unavyosogezwa mbali ndivyo uwezo unavyoporomoka, na ukifika mita 20 kreni hiyo hiyo inaweza kushindwa hata na tani zenu 12. Jumlisheni pia uzito wa ndoano na minyororo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya mzigo, na mkumbuke kwamba mkono hupinda unapolemewa, hivyo mzigo hujisogeza mbali wenyewe. Katika picha mliyonitumia naona jambo ambalo hamkuliuliza: mguu mmoja wa kreni umekanyaga kipande cha ubao kilichopasuka katikati, na kando yake pana mtaro uliofukiwa karibuni. Jedwali huchukulia kwamba kreni imesimama sawasawa juu ya ardhi ngumu. Ninyi mliisimamisha juu ya kifusi.

Msaidizi anaweza kupita chini ya mzigo kwa sekunde chache?

Hapana.

Mikanda yetu miwili ya kunyanyulia ilikuwa mipya, kila mmoja wa tani 1, na mzigo ulikuwa wa tani 1.5. Mbona mmoja ulikatika?

Mligawanya kwa mbili mkasahau pembe. Mikanda ikisimama wima, kila mmoja hubeba kilo 750. Ikiinama hadi digrii 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja hubeba kilo 866 hivi, nayo bado inamudu. Ikilala hadi digrii 30, kila mmoja hubeba tani 1.5 nzima, na wewe mwenyewe umeandika kwamba ilikuwa mifupi ikabidi muitanue. Tena usiache mkanda wa kitambaa ukalie kona kali ya chuma bila kinga.

Naweza kumpandisha mwenzangu kwenye uma za foklifti (gari la kunyanyulia mizigo) abadilishe taa?

Nimechoka kulijibu swali hili. Uma ni za mizigo, basi. Afadhali ungeuliza la kufanya foklifti inapopinduka: usiruke, kwa kuwa wanaoruka ndio wanaobanwa; baki kitini na mkanda umefungwa, shika usukani, uegemee upande usioangukia.

Kazi inaendelea kesho. Kuna haja gani ya kushusha mkono wa kreni jioni?

Tarehe 11 Septemba 2015, kreni kubwa iliyoachwa na mkono juu iliangushwa na upepo mkali ndani ya Msikiti Mtakatifu wa Makka, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Haikuwa ikinyanyua chochote.

Msimamizi anataka kreni iliyoanguka iondolewe leo, na anasema kosa ni la mwendeshaji. Tufanye nini?

Majeruhi wakishaondolewa na hatari ikishadhibitiwa, kisiguswe kitu hadi wakaguzi wafike. Pigeni picha za miguu ya kreni, ndoano na ncha za waya uliokatika, kwa sababu waya uliooza kwa kutu haufanani na uliokatika kwa kuzidiwa. Mwendeshaji huenda alikosea, lakini ni rahisi mno kumtwisha lawama mtu aliyelazwa hospitalini. Ulizeni nani alimtajia uzito wa mzigo, nani alichagua mahali pa kusimamisha kreni, na kama aliwahi kukataa kunyanyua akatishiwa kufukuzwa. Na ikiwa king'ora cha mzigo kuzidi kilikuwa kimezimwa kwa ufunguo, ulizeni ufunguo huo hukaa mfukoni mwa nani.