Gesi ya bei nafuu kwa mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya unaojilisha wenyewe), hapa Kigoma
Ndugu yangu, kwa kuwa umesema unachomelea mageti na viti vya chuma cha kawaida nyumbani kwako Ujiji, na mchanganyiko wa agoni, gesi ya kukinga mshono dhidi ya hewa, umekushinda bei, tumia kaboni dioksidi tupu, ambayo ni ileile inayotiwa kwenye soda. Itarusha matone mengi zaidi na mshono hautakuwa laini sana, lakini chuma kitashika vizuri. Kwa alumini haifai kabisa. Ulizia kwa wauzaji wa oksijeni na kwa wanaojaza mitungi ya kuzimia moto, ila usiunganishe mashine na mtungi wa zimamoto wenyewe, kwa kuwa mingi ina bomba la ndani linalotoa kimiminika badala ya gesi. Mtungi usimame wima, uwe na regulata (kipunguza presha) yake, na uupime kwa mizani kujua kilichobaki, maana geji ya presha haishuki mpaka kimiminika kiishe. Lita 10 hivi kwa dakika zinatosha, isipokuwa upepo wa ziwa ukivuma na kuipeperusha gesi; hapo waya wenye unga ndani, usiohitaji gesi, ndio afadhali, baada ya kugeuza nyaya za mashine ili bunduki ya kuchomelea iwe upande wa hasi.