Jeki ndefu, cheni na shako ndani ya Land Cruiser mkonga: nilivyozifunga mimi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua Land Cruiser 78, unataka kwenda Natron na Ndutu na mama watoto na wanao wawili, na unauliza jeki ndefu (ile hi-lift ya kujinasua kwenye tope), cheni na shako (pingu za kuunganishia cheni na kamba wakati wa kuvuta gari) uziweke wapi, maana keria juu imeshajaa na ndani unaogopa kwa ajili ya watoto. Wadau waliotangulia wamekwambia zifunge kwa mipira ya tyubu, inatosha. Kwenye hilo nakuomba usiwasikilize. Mimi nilifunga kwa mipira miaka mitatu.

Novemba 2016 nilikuwa natoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, saa kumi na mbili kasoro, jua liko usoni. Mwendo ulikuwa kama 70. Ng'ombe wakaingia lami kutoka kushoto, kundi zima, na kijana anayewachunga yuko nyuma yao. Nikakanyaga breki yote. Hatukugusa hata ndama. Lakini jeki ilikuwa imelala sakafuni pembeni ya tairi la nyuma, nimeibana kwa vipande vya tyubu, ikachomoka kwa urefu wake kama panga linavyotoka kwenye ala, ikaenda kugonga mguu wa siti ya kati alipokaa mdogo wangu. Chuma cha siti kilipinda. Ingepita kiganja kimoja pembeni, ingekuwa kifundo chake cha mguu. Shako moja niliyoiacha kwenye mfuko juu ya mizigo tuliikuta mbele, karibu na gia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimeifunga jeki isirukeruke. Sikuifunga isiende mbele. Mpira wa tyubu unavutika, na kitu kizito kikishaanza kutembea unakiongoza tu kinakokwenda. Halafu jeki ni chuma laini kilichonyooka, inateleza katikati ya mpira bila hata kuukata.

Fanya hesabu hii. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwenda pembeni au nyuma kwa asilimia 50. Hiyo ni kwa breki kali na kona, si kwa ajali. Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa na likasimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukuma mbele kwa karibu mara 20 ya uzito wake. Jeki ya inchi 48 ina kama kilo 13. Zidisha: kilo 260, zaidi ya magunia mawili ya mahindi, na mbele yake kuna kichwa cha mtoto. Gari likibiringika, mzigo unakwenda juu na pembeni pia, kwa hiyo sanduku zito ambalo halijafungwa halikusaidii kitu.

Baada ya safari ile nilipima kila kitu kwenye mizani. Jeki 13, cheni ya milimita 10 yenye urefu wa mita 5 kilo 11, shako nne kubwa kama kilo 4 na nusu, puli ya winchi kilo 4, kamba ya nailoni ya kuvutia gari kilo 5, bado sepeto na ubao wa kuweka chini ya jeki. Zilipita kilo 40. Nawe pima kabla ya kwenda kwa fundi, maana kuna vitu utagundua huvihitaji. Cheni ile mimi nimeiacha nyumbani, naibeba tu nikijua nakwenda kwenye miti na magogo. Shako mbili za chuma nimezibadilisha kwa zile za kamba ngumu: ni nyepesi mno, na ikikupiga madhara yake ni madogo kuliko ya chuma. Hizo mbili za chuma nilizobaki nazo zina mahali pake, nitafika.

Sasa pa kuweka. Chini kabisa, katikati ya ekseli mbili kadiri unavyoweza, nyuma tu ya mgongo wa siti ya kati. Mara ya kwanza mimi niliweka sanduku langu mlangoni kabisa, nyuma ya ekseli, kwa sababu ni rahisi kufikia. Ukijumlisha na madumu ya maji, nyuma likakaa chini, mbele likawa jepesi, na usukani kwenye changarawe ukaniogopesha. Kwenye keria usiweke hata kidogo. Land Cruiser ni refu kwenda juu tayari, na kilo 40 juu ya paa utazisikia kwenye kila kona ya kupanda Ngorongoro. Wanaofunga jeki nje kwenye bampa, ndani kunakuwa salama kweli, ila vumbi na tope vinaingia kwenye zile pini zinazopanda, na siku unayoihitaji inagoma. Ukiiweka nje, ivishe turubai na uioshe kila safari. Mimi naipenda ndani.

Fundi wangu yuko Unga Limited, Arusha. Alinitengenezea fremu ya chuma cha engo, imekaa sakafuni kwa upana wa gari. Tulitumia matundu ya bolti za siti za nyuma ambazo nilikuwa nimeshazitoa, na mawili tukatoboa mapya. Hapo kuwa makini sana. Chini ya sakafu ya 78 kuna matangi mawili ya mafuta na mabomba ya breki, kwa hiyo mtu aingie chini na tochi kabla drili haijawashwa. Bati la sakafu ni jembamba, bolti pekee italichana siku ya ajali. Chini weka sahani ya chuma ya milimita 5, upana wa kiganja, ndipo ufunge nati. Skrubu za kujichimbia kwenye bati usikubali, hata fundi akuapie.

Jeki imelala juu ya fremu, imekingama, haielekei mbele. Kwenye uti wake kuna matundu mengi, tumepitisha bolti mbili moja kwa moja kwenye fremu, na mpini wake umebanwa peke yake. Mwanzo niliweka nati za masikio, zile za kufunga kwa vidole. Njia ya Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti, ile iliyojaa mawimbi, ilizifungua zote mbili kabla hatujafika. Sasa natumia nati zenye nailoni ndani, na nimepaka mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Nikisimama kuchimba dawa natupa jicho tu: mstari ukivunjika, nati imetembea. Spana yake inakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva, isije ikafungiwa huko huko ndani.

Shako na puli ziko kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye fremu hiyo hiyo, si kwa mkanda. Ukitumia mkanda wa racheti kwa vitu vingine, soma lebo yake. Nguvu ya kufungia imeandikwa kwa herufi LC, kwa kipimo cha daN, na daN moja ni karibu kilo moja ya kuvuta. Mkanda usio na lebo wa sokoni tumia kufungia magodoro.

Kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulijua. Sanduku langu la kwanza lilifunguka kwa juu. Machi moja Ndutu, udongo mweusi umelowa, tairi la nyuma kulia limezama hadi ekseli, mvua inanyesha. Nikafungua mlango wa nyuma nikakuta sanduku liko chini ya mabegi, friji na unga. Tulishusha kila kitu kwenye tope, wageni wamesimama pembeni wameshika viatu mkononi. Niliporudi Arusha nilikata upande unaotazama mlango wa nyuma nikaweka kijimlango, lachi mbili na pini kila moja. Mabegi yakae juu, mimi navuta kutoka ubavuni.

Na vyote havihitajiki kwa pamoja. Sepeto ndilo linaloanza, na mara nyingi linamaliza kazi. Hilo na kamba viko mlangoni kabisa, sepeto limebanwa kwa vishikio viwili vya chuma ukutani, kamba kwenye mfuko wake wa turubai unaopitisha hewa. Kamba usiilaze na shako, zinaisugua mpaka inachakaa bila wewe kuona, na iweke mbali na betri na dumu la dizeli. Nailoni ikilowa inapungua nguvu, ianike kwanza.

Chini ya miguu ya watoto usiweke chuma chochote, hata kwa safari fupi ya kwenda Karatu.

Ukishamaliza, tafuta uwanja mtupu, watoto wabaki nyumbani. Pakia kila kitu kama siku ya safari, fika 40, kanyaga breki yote mara tatu. Zima redio, funga vioo, sikiliza. Ukisikia chuma kimegonga chuma huko nyuma, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo.