Muulize Mama Fundi: Mlango Umegoma Kufunguka

Barua za safari hii karibu zote ni za milango, basi nimezifunga fungu moja. Karakanani kwangu nina kopo limejaa kufuli za mashine za kufulia nilizozing'oa miaka yangu ya mwanzo kazini. Siku moja nilizipima zote kwa mita ya kupimia umeme, kwa udadisi tu. Zaidi ya nusu zilikuwa nzima.

*Shikamoo Mama Fundi. Mashine yangu ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, ikimaliza kufua hukataa kufunguka. Kuna siku nangoja dakika mbili inafunguka, kuna siku nangoja saa nzima na bado. Juzi nilivuta kwa hasira, nikabaki na mshikio kiganjani. Mume wangu anasema kufuli imekufa, tununue nyingine. – Mvutaji*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mshikio. Umeniletea mambo mawili ukidhani ni moja. Zile dakika mbili si ugonjwa. Saa nzima ndiyo ugonjwa, na huenda kufuli haihusiki hata kidogo.

Tuanze na dakika mbili. Ndani ya kufuli za mtindo wa zamani, ambazo bado ziko kwenye mashine nyingi, kuna kidonge cha kauri kinachopata moto umeme ukipita. Kimeegemewa na kibati chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Metali hizo zikipata joto hazitanuki sawa, kwa hiyo kibati hupinda, na kikipinda husukuma kipini kinachoshikilia komeo lisirudi. Wakati huohuo swichi ya ndani hujifunga na kuruhusu umeme uende kwenye mota na hita. Ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha kuanza husikii kitu, zinapita sekunde chache, halafu “tak!”, ndipo mashine inaanza kazi.

Kufungua ni kinyume chake. Umeme unakatika, kidonge kinapoa, kibati kinanyooka, kipini kinarudi. Kupoa huko huchukua dakika moja au mbili, na misuli yako haiwezi kuharakisha kupoa huko. Kuchelewa huko kuna kazi yake: kunaipa ngoma muda wa kusimama kabla hujaingiza mkono.

Sasa saa nzima. Katika mashine nyingi za siku hizi, anayeamua mlango ufunguke au usifunguke ni bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza mashine, na kufuli inatii tu. Bodi ina kihisi kinachopima kina cha maji. Kikisema bado kuna maji ndani, mlango haufunguki, na maji yakiwa ya moto sana vilevile. Kwa hiyo kabla ya kununua kufuli, uliza maji yako wapi.

Niliwahi kuitwa kwa mama mmoja aliyekuwa amebadilishiwa kufuli mara mbili. Nilichomoa plagi, nikafungua kifuniko kidogo cha chini, nikatanguliza beseni na kuzungusha chujio la pampu polepole. Yakatoka maji, na nyuma yake soksi ya mtoto mchanga, kibanio cha nywele na sarafu mbili. Nikarudisha chujio, nikaiwasha kwenye programu ya kumwaga maji, mlango ukafunguka wenyewe. Mimi nilicheka. Yule mama hakucheka, na sikumlaumu.

Fanya hivyohivyo. Kama ilikuwa inafua kwa maji ya moto, iache ipoe kwanza. Karibu na chujio, mashine nyingi zina kijikamba au kiulimi cha plastiki chenye rangi ya kuonekana. Ukikivuta taratibu, komeo linaachia. Usikivute kabla hujaona kwamba maji yameshuka chini ya usawa wa mlango, la sivyo utapiga deki mpaka jioni. Chujio likiwa safi, maji yamekwisha, mashine imepoa na mlango bado umegoma, hapo mpe mume wako haki yake.

Nyongeza kuhusu umeme kukatika katikati ya kazi, maana wengi huniuliza. Kufuli ya kibati ikikosa umeme hupoa na kuachia, hata kama ngoma imejaa maji. Kufuli mpya zaidi zina koili: bodi huzipa mshituko mfupi wa umeme na komeo linabaki lilipo bila kuhitaji umeme tena. Hizo giza likiingia zinabaki zimefunga. Kwa vyovyote vile, chungulia kwenye kioo kabla ya kugusa mshikio.

*Habari za kazi, Mama. Mimi ni fundi mchanga. Nililetewa mashine inayogoma kuanza, taa ya mlango inawaka na kuzima. Nikaziunganisha nyaya za kufuli moja kwa moja, ikafua hadi kukamua. Mteja kafurahi, ila mwenzangu karakanani ananisema. Nani ana haki? – Fundi Mchanga*

Mwenzako. Mnunulie chai.

Chukua kalamu tupige hesabu. Ngoma yenye upana wa sentimita 48 ina mzingo wa karibu mita moja na nusu. Ikikamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, hiyo ni 20 kwa sekunde, yaani ukingo wake unakimbia mita 30 kila sekunde. Ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Sasa mpe picha hiyo mtoto wa mteja wako, anayependa kuvuta kila mshikio anaoufikia, na mlango ambao wewe umeuondolea ulinzi. Mkono ukinaswa na shuka linalozunguka hivyo, hakuna fundi wa kuurudisha. Kufuli hizi zina hata kiwango chao peke yao cha kimataifa, IEC 60730-2-12. Watu hawakuketi kukiandika kwa kukosa kazi.

Mpigie mteja simu leo, urudi kuondoa huo waya. Kisha uitafute hitilafu kwa utaratibu.

Anza na mlango wenyewe kabla ya mita. Ufunge huku ukiuinua kidogo kwa chini. Mashine ikianza, tatizo ni bawaba iliyolegea: ndoano ya mlango inaingia chini ya mahali pake na haiisukumi kufuli vya kutosha. Kaza skrubu, umemaliza. Nimeona fundi akiagiza bodi nzima kwa sababu ya skrubu mbili.

Kama siyo, chomoa plagi, toa kufuli. Ile ya kibati mara nyingi ina ncha tatu zilizoandikwa L, N na C: umeme unaingia, waya wa kurudi, na njia ya kwenda kwenye mashine. Pima kati ya L na N ikiwa baridi. Zile ninazokutana nazo husoma kuanzia mamia ya omu hadi elfu moja na kitu. Mita isiposoma chochote, kidonge kimekufa. Ikisoma vizuri, na ukasikia ile “tak”, lakini umeme hautoki kwenye C, basi swichi ya ndani imeungua. Kwa vyote viwili dawa ni kufuli mpya. Ukiwa unapima umeme ukiwa hai, awepo mtu pembeni anayejua swichi kuu ilipo.

Halafu, mwanangu, uliandika “kufuli” na “kufulia” kana kwamba ni mtu na nduguye. Kufuli limetoka Kiarabu. Kufulia ni letu, la kufua nguo. Wamekutana ukubwani, kwenye mashine hii.

*Oveni yangu hujisafisha kwa joto kali. Ikimaliza, mlango unabaki umefungwa hata nikiizima. Imeharibika? – Mpishi*

Haijaharibika. Humo ndani joto lilikaribia nyuzi 500 za Selsiasi. Mlango utaachia joto likishuka. Ikilala usiku kucha na asubuhi bado imefunga, hapo mshuku kimota kinachosukuma komeo, au kihisi cha joto.

*Maikrowevu naifungua wakati wowote hata ikiwa inafanya kazi. Mbona haina kufuli? Si hatari? – Mwenye Wasiwasi*

Haina kufuli kwa sababu inaweza kunyamaza papo hapo, jambo ambalo ngoma inayozunguka haiwezi. Nyuma ya ndoano za mlango kwa kawaida kuna swichi tatu. Mbili hukata umeme ukifungua. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: kazi yake ni kuwapeleleza wenzake. Zile zikinata zisikate, yenyewe huleta shoti ya makusudi na kuunguza fyuzi. Maikrowevu inakufa, wewe unabaki. Kwa hiyo ikiunguza fyuzi kila ukifungua mlango, usiweke fyuzi nene zaidi. Na usiifungue ganda nyumbani, hata ikiwa imechomolewa: kapasita yake hubakiza umeme wa volti zaidi ya 2,000, na haijali kwamba ulikuwa na nia njema.

*Mama Fundi, friji letu la zamani la komeo limekufa. Nataka kuliweka nje liwe kabati la zana. Una ushauri? – Babu wa Wajukuu Sita*

Shikamoo babu. Barua yako imekaa mwisho, lakini hiyo sita ndiyo imenifanya nikujibu kwanza, kabla ya barua zote hizi.

Friji za komeo zilikuwa hazifunguki kutoka ndani. Watoto walijificha humo wakicheza, mlango ukajifunga, hewa ikaisha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 kwamba friji lazima liweze kufunguka kutoka ndani. Ndiyo maana mlango wa friji la leo unashikwa na mpira wenye sumaku, ambao mtoto anaweza kuusukuma ukaachia.

Lako ni la kabla ya akili hiyo. Leo hii, kabla jua halijazama, fungua skrubu za bawaba na uung'oe mlango wote. Usiufunge kwa kamba wala usiugeuze ukutani; watoto hufungua kamba. Rafu ziache ndani, wasipate nafasi ya kuingia. Ukitaka kuzikinga zana na vumbi, tundika pazia.