Bendi Unayoipenda Ikibadili Sauti, Ipe Siku Kumi

Aprili 2024, Vampire Weekend ya New York ilipotoa albamu yake ya tano, Only God Was Above Us, nilinunua bando la wiki, nikavaa hedifoni na kujilaza sebuleni. Wimbo wa kwanza unaanza na mvumo wa amplifaya, kama ya mtu aliyemaliza kupiga akasahau kuizima. Mwimbaji wao, Ezra Koenig, anaingia kwa sauti ya chini, karibu ananong'ona. Mara dramu zinatimua mbio, magitaa yanakwaruza, vayolini zinapanda juu yake. Nikatoa hedifoni nikaikagua waya, nikidhani imeharibika. Ilikuwa nzima. Siku tatu sikuigusa albamu ile.

Leo ndiyo ninayoisikiliza kuliko zote tano. Naandika haya kwa sababu vijana wawili wa bendi yetu waliniambia juzi kwamba wameacha kuifuatilia bendi waliyoipenda tangu shule, eti "imepotea". Neno hilo nimelitumia sana, na karibu kila mara nililitumia mapema mno.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, nyumba yenye redio kaseti moja na kanda nyingi za Simba Wanyika. Wale ndugu wa Kinyonga walianzia muziki kwetu Tanga kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi, na baba aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za majirani. Kwa muziki ule nilijifunza kwamba gitaa ni mazungumzo: solo anauliza, rizimu anajibu, besi anawasikiliza wote wawili. Mpaka leo nikisikia wimbo wowote, sikio langu linatafuta kwanza gitaa safi, lisilo na mkwaruzo, linalotembea kwenye nyuzi nyembamba.

Mwaka 2009, nikiwa chuo, mwenzangu wa bweni alinirushia wimbo kwa Bluetooth. "We mpiga gitaa, sikiliza Wamarekani wanapiga kwasa kwasa." Kweli, wimbo unaitwa Cape Cod Kwassa Kwassa. Kwasa kwasa tunaijua, ngoma ya Kongo ambayo Kanda Bongo Man aliitembeza dunia nzima. Cape Cod ni rasi ya Massachusetts wanakokwenda kupumzika wenye nafasi zao. Vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia waliunganisha vitu hivyo viwili. Bendi waliianzisha 2006, albamu ya kwanza ikatoka Januari 2008, na wenyewe waliwahi kuuita mtindo wao Upper West Side Soweto. Wapo waliowalaumu kwamba wamechota kisima cha wenyewe. Lawama hizo nazielewa. Lakini mimi pale bwenini nilisikia gitaa la nyumbani likizungumza kutoka mbali, nikawapenda hapo hapo.

Kwa hiyo jueni nilivyowashika: niliwashika kwa gitaa lile moja. Na kila albamu iliyofuata ililisogeza mbali kidogo.

Contra ya 2010 niliivumilia. Magitaa yalipungua, vinanda na mashine vikaongezeka, ila uchangamfu ulibaki. Modern Vampires of the City ya Mei 2013 ndiyo iliyoniuma. Piano, kinanda cha kanisani, sauti ya mwimbaji imevutwa na kompyuta mpaka inakuwa ya mtoto au ya mzee, na maneno yote ni kifo, imani na muda unaokwisha. Nikaisikiliza mara moja, nikaifuta kwenye simu. Ilipopata Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala niliona waamuzi wamekosea.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Baada ya arobaini nilipanda basi kurudi Dar es Salaam, kiti cha dirishani, na kijana wa jirani yangu akanipa upande mmoja wa hedifoni yake. Sikumuuliza anasikiliza nini. Ulikuwa Hannah Hunt, wimbo wa katikati ya albamu ile niliyoifuta. Unaanza chini sana, besi inatembea taratibu, na kwa zaidi ya dakika 2 hakuna kinachopanda. Halafu piano na dramu zinafunguka kwa pamoja, na Koenig anaupaza ule mstari aliokuwa anauimba kwa upole tangu mwanzo. Tulikuwa tumeshapita Segera. Nililia kimya kimya, na yule kijana kwa adabu yake akaendelea kutazama mbele.

Tangu siku ile sifuti albamu. Ikinishinda naiacha ikae. Bendi inapobadilika, mara nyingi wenyewe wamepita mahali ambapo wewe hujafika bado, na huna njia ya kusikia wanachosema mpaka ufike. Usijilazimishe kuipenda. Usiifukuze tu.

Jambo la pili nililojifunza, na hili sisi watu wa dansi tungepaswa kulijua zamani, ni kuuliza nani ameondoka na nani ameingia. Kwetu mwanamuziki akihama bendi, anahama na sauti. Mwaka 1978 wanamuziki wa Dar International walipohama na kuanzisha Mlimani Park, Sikinde haikushuka kutoka mbinguni. Ilikuwa vidole na makoo yaleyale katika nyumba mpya. Mashabiki walijua nani anapiga solo, nani rizimu, nani tumba, na walikuwa tayari kubishana juu ya hilo mpaka alfajiri. Sasa tunasikiliza kwenye simu, hatusomi hata majina ya waliorekodi, halafu tunashangaa mbona sauti imebadilika.

Januari 2016 Rostam Batmanglij alitangaza kuondoka Vampire Weekend. Alikuwa mpiga kinanda, mpiga gitaa, na zaidi ya yote ndiye aliyetayarisha albamu zile za mwanzo. Mimi habari hiyo niliisoma nikaipita. Ndiyo maana Father of the Bride ilipotoka Mei 2019 ikiwa na nyimbo 18, gitaa la kupigwa kwa vidole na Danielle Haim akipokezana na Koenig kama mke na mume, nilichanganyikiwa. Ningejua kwamba Ariel Rechtshaid, aliyeshirikiana na Rostam kwenye albamu ya tatu, sasa ndiye mtayarishaji aliyekaa mezani na Koenig, ningeisikiliza kwa sikio jingine. Na ningefika mapema kwenye Rich Man, wimbo ambao ndani yake kuna kipande cha gitaa la S. E. Rogie wa Sierra Leone, yule fundi wa muziki wa gitaa unaoitwa palm wine, muziki wa mnazi. Gitaa safi nililolililia miaka tisa lilikuwa limerudi, wimbo wa nane, na mimi nilikuwa nimeishia wa tano.

Tafadhali, msiishie wa tano.

Siku kumi nilizozitaja kwenye kichwa sina hesabu yoyote ya kitaalamu nyuma yake. Ni muda ambao kwangu umetosha. Siku ya kwanza nasikiliza yote, kwa mpangilio walioupanga, bila kurukaruka. Sitoi hukumu, hata moyoni. Kisha napumzika siku moja au mbili. Nikirudi, nafuata chombo kimoja tu, na naanza na dramu, kwa sababu mkwaruzo na mapambo hukaa juu, lakini bendi inakaa kwenye dramu na besi. Ukiijua miguu ya mtu utamtambua hata akibadili kanzu. Na tafuteni spika. Simu inakata besi yote, na albamu ya makelele ikisikilizwa kwenye simu inabaki makelele matupu. Mimi nilikwenda kwa fundi wa spika wa mtaani kwetu, nikamwomba aniunganishie simu kwenye spika moja kubwa ya harusi aliyokuwa anaitengeneza. Kwenye spika ile wimbo wa Classical, wa hii albamu ya tano, ambao kwenye hedifoni ulikuwa gitaa linalopiga mayowe, ukawa na chini yake dramu nzito inayochezeka na saksafoni inayopita kama upepo. Fundi aliacha kuchomea, akaomba urudiwe.

Tazameni na jalada. La Only God Was Above Us ni picha ya Steven Siegel ya mwaka 1988, iliyopigwa ndani ya mabehewa ya treni ya chini ya ardhi ya New York yaliyokwisha kutupwa. Mtu ameshika gazeti, na kichwa cha habari cha gazeti hilo ndicho kikawa jina la albamu. Habari yenyewe ni ya ndege ya Hawaii iliyong'oka paa ikiwa angani. Nilipoielewa picha hiyo nikauelewa na ule mkwaruzo. Ile ni sauti ya mji wao, chuma juu ya chuma, mji wa miaka waliyokuwa watoto wadogo. Ingekuwa ajabu wauimbe kwa gitaa safi la pwani.

Sasa neno kwa wenzangu tunaopiga, maana ushauri wa kusikiliza ni mwepesi kuliko wa kubadilika. Mwaka 2017 bendi yetu ilikuwa na Jumamosi zake kwenye hoteli moja ya ufukweni. Watu walikuja kwa ajili ya rizimu. Tukakaa kikao, tukakubaliana kwamba tumechakaa. Wiki iliyofuata tukaingia na mapigo ya kompyuta, dramu tumeiacha nyumbani, nyimbo zote mpya, na mimi nimeambiwa nisipige solo hata moja. Nilikubali, tena nilishangilia. Kuna mama mmoja aliyekuwa anakuja na mumewe kila Jumamosi, meza ya karibu na nguzo. Waliketi nyimbo tatu. Walipoinuka, yule mama alikuja mbele kabisa, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, tumekuja leo hatukuwakuta." Mwisho wa mwezi hoteli ilituaga.

Muziki ule mpya haukuwa mbaya. Nimeusikiliza tena majuzi na baadhi ni mzuri kuliko vyote tulivyofanya. Kosa letu ni kwamba hatukumwachia yule mama kitu hata kimoja cha kushika mkononi. Tungebadili mapigo tukabakiza gitaa, au tungebadili gitaa tukabakiza sauti za wale waimbaji wetu wawili wanaoitikiana, angevuka pamoja nasi. Unaweza kubadili vyote, lakini si usiku mmoja, na si bila kumshika mkono aliyekuja kwa ajili yako.

Hilo nililiona wazi siku ya saba ya Only God Was Above Us. Nilikuwa nimefika wimbo wa nne, Connect, nikifuata dramu peke yake kama nilivyojiwekea. Juu, piano inamwagika, vidole vinashuka na kupanda bila kituo, jazi kidogo, wazimu kidogo. Sikuishughulikia piano. Nikawa naigonga ile dramu kwa vidole kwenye meza ya kulia, na vidole vyangu vikatangulia. Vilijua pigo linalofuata kabla halijapigwa. Nikasimamisha. Nikarudi kwenye albamu ya kwanza, ile ya 2008, wimbo unaoifungua, Mansard Roof. Dramu ileile. Pigo kwa pigo. Mdundo wa ujana wao, wa mpiga dramu wao Chris Tomson, umerudi miaka 16 baadaye, chini ya piano ambayo wasingeweza kuipanga wakati ule.

Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Yeye si mtu wa bendi hizi, lakini ameolewa na mpiga gitaa miaka kumi na moja. Nikampigia ule wa zamani, kisha huu. Akasikiliza ameshika mwiko, akasema, "Ni walewale, wamekua."

Wimbo wa mwisho, Hope, unachukua karibu dakika 8, na tuliusikiliza wote wawili mpaka ukaisha, wali ukashika chini.

Mwezi huu tumeanza tena mazoezi ya nyimbo mpya. Kompyuta imerudi, safari hii nimeitaka mimi. Mpiga dramu wetu anaanza kila wimbo mpya na lile pigo la fungua-dansi alilokuwa akilipiga kule hotelini, bara nne tu, halafu ndipo tunakwenda tunakotaka. Yule mama nimepata namba yake kwa jirani yake. Jumamosi ijayo tunapiga Magomeni, na nimemwambia meza yake itakuwa karibu na nguzo.