Maswali na majibu: ndege ya balsa inayorushwa kwa waya

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ndege ya aina moja: modeli ya mbao za balsa, yenye injini au mota puani, inayozunguka duara huku mrushaji akiwa amesimama katikati na mpini mkononi. Waya mbili nyembamba za chuma hutoka kwenye mpini, hupita kwenye ncha ya bawa la kushoto, na huishia kwenye kipande kidogo cha pembe tatu kiitwacho belikranki. Belikranki husukuma fimbo, nayo fimbo huinua au kushusha eleveta, yaani ile sehemu ya nyuma ya mkia inayochezacheza. Hakuna redio wala betri ya mawasiliano. Kwa hiyo waya hizo lazima zikaze muda wote ndege iwapo hewani. Zikilegea hata kwa sekunde moja, mkono wako hauongozi kitu. Utaona jambo hili likijirudia katika majibu mengi hapa chini, hata pale swali linapohusu gundi au msasa.

Fundi, nilipokwenda kununua balsa niliona mbao zote zinafanana, nikachagua zilizonyooka. Ndege imekamilika, lakini ni nzito kuliko mchoro unavyotaka. Nimekosea wapi?

Ulikosea siku ile ya kununua, ndugu yangu, na wengi tumekosea hapo hapo. Balsa hufanana kwa macho tu. Mti wenyewe, Ochroma pyramidale, asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa hutoka Ecuador. Hukua kwa kasi ya ajabu na huweza kukatwa ukiwa na miaka michache tu. Kwa sababu hiyo mbao zake hutofautiana sana: nyingine hazifiki kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, nyingine hupita 200.

Piga hesabu mwenyewe. Ubao wa unene wa milimita 3, upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 1, ukiwa wa kilo 100 kwa mita ya ujazo, una gramu 30. Ubao wa vipimo vile vile, lakini wa kilo 200, una gramu 60. Ukichukua mbao nane bila kupima, unaweza kujiongezea robo kilo kabla hujakata kipande hata kimoja. Nenda na mizani ndogo ya kupimia gramu. Muuzaji anayejua kazi yake hatakushangaa.

Usinunue nyepesi zote, hata hivyo. Nyepesi kabisa ni za mkia, ncha za mabawa na vipande vya kujazia umbo. Za wastani ni za mbavu za bawa na kiwiliwili. Zile ngumu na nzito weka kwenye mihimili ya bawa, kwa kuwa ndiyo inayobeba mzigo wote pale ndege inapokata kona.

Kisha tazama nyuzinyuzi za ubao. Kuna mbao zenye mistari mirefu iliyonyooka, ambazo ukizibana kwa upana hupinda kama karatasi nene. Hizo ni za aina A, nazo zinafaa kufunika sehemu za mviringo, kama sehemu ya mbele ya bawa. Kuna nyingine zenye madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Hizo ni za aina C: ni kaidi kwa upana, ukilazimisha zipinde hupasuka, lakini kwa mbavu na mkia bapa hazina mfano. Aina B iko katikati na hufanya kazi nyingi. Nilitumia miaka miwili nikitengeneza mbavu kwa aina A, nikashangaa kwa nini mabawa yangu yalikuwa yakijipinda. Sababu ilikuwa ubao.

Jambo moja zaidi kuhusu mkia, nakuomba ulishike. Kwenye ndege ya kawaida mkia uko mbali na kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiiegemeza kwenye kidole, karibu mara tatu kuliko pua. Gramu 10 ulizozembea mkiani zitakudai kama gramu 30 za madini ya risasi puani ili ikae sawa tena. Ukipiga msasa mkia hadi uone huruma, bado endelea kidogo.

Mwalimu, nitumie supaglu kwa kila kitu? Inakauka haraka na mimi sina subira.

Hapana. Supaglu nyembamba hupenya vizuri kwenye maungio yaliyokutana barabara, na kwa kuunga mbavu na mihimili nami huitumia. Lakini hukauka ikiwa ngumu kama kioo, hivyo kuipiga msasa ni shida: balsa iliyo pembeni huliwa, gundi inabaki imeinuka kama kovu. Kwa maungio marefu ambayo yatapigwa msasa, kama ubao na ubao kandokando, tumia gundi ya mbao ya maji na uiache ilale usiku kucha. Mahali pa injini na pa belikranki tumia epoksi peke yake, ile inayochukua muda mrefu kukauka. Na ufungue madirisha. Moshi wa supaglu huchoma macho na pua, na wengine huanza kudhurika nao baada ya kuutumia kwa muda.

Bawa langu lilikuwa limenyooka kama rula. Baada ya kulifunika kwa karatasi na kupaka dopu, ile vanishi ya kukazia karatasi, ncha moja imejikunja. Nalitupa?

Usilitupe, binti yangu. Dopu husinyaa ikikauka. Hiyo ndiyo kazi yake, kuikaza karatasi. Ukipaka upande wa juu leo na wa chini kesho, upande uliotangulia unavuta peke yake na bawa linafuata. Paka pande zote mbili kwa kikao kimoja, kisha bana bawa juu ya ubao bapa, likiwa limeinuliwa kidogo kwa vijiti ili hewa ipite, hadi likauke kabisa.

Kwa bawa ulilonalo, chemsha maji kwenye birika. Pitisha sehemu iliyojikunja juu ya mvuke kwa nusu dakika hivi, lipinde kuelekea upande wa pili kupita kidogo pale unapotaka, ulishike hivyo hivyo hadi lipoe. Rudia ikibidi. Kama ungefunika kwa plastiki ya kupiga pasi, ungefanya vivyo hivyo kwa joto la pasi badala ya mvuke.

Namna ya kukagua: simama nyuma ya ndege, fumba jicho moja, na ulinganishe ukingo wa nyuma wa bawa na ule wa mbele. Mabawa yote mawili yakionekana sawa, umemaliza. Ncha ya bawa la ndani ikiwa imeelekea chini kwa mbele, ndege italalia upande wako na waya zitalegea. Huo ndio mkunjo mbaya kuliko yote.

Nilirusha ndege yangu ya kwanza Jumamosi. Iliinuka vizuri, nikavuta ipande zaidi, ikapiga pua chini. Nina hakika nilivuta juu!

Pole sana, kaka. Naamini ulivuta juu. Ama waya zilibadilishana mahali, ama mpini uliushika kichwa chini. Ajali hii ni ya zamani kama mchezo wenyewe, na dawa yake huchukua sekunde tano: kabla ya kila mruko, hata kama ni wa kumi siku hiyo, shika mpini, vuta waya wa juu, na mtu aliyeshika ndege akwambie kwa sauti eleveta imeinuka au imeshuka. Chora alama ya rangi upande wa juu wa mpini na rangi ile ile kwenye waya wake.

Kwa kuwa utaijenga upya, angalia belikranki yenyewe. Boliti yake ndiyo inayozuia ndege isiondoke duarani, basi isiegemee balsa hata kidogo. Ifunge kwenye kipande cha plaiwudi kilichounganishwa na mihimili kwa epoksi. Fimbo ya kusukuma ikiwa ndefu na nyembamba hujipinda katikati: ukivuta juu kwa nguvu, waya wa fimbo unajikunja na eleveta haisogei. Iwekee vishikizo viwili njiani. Mwisho, eleveta icheze kwa ulaini kiasi kwamba ukiinua pua ya ndege inaanguka yenyewe kwa uzito wake. Digrii 15 juu na 15 chini zinamtosha anayeanza, nawe utazipata ukiunga fimbo kwenye tundu la mbali la pembe ya eleveta, yaani kile kijipande kilichosimama juu yake chenye matundu.

Kisha ipime kwa kuivuta. Mtu aishike ndege, nawe uvute mpini kwa nguvu ya mara 10 ya uzito wa ndege. Waya, ndoano, belikranki, vyote vijaribiwe kwa pamoja. Kitu kikikatika hapo, kimekatika salama.

Kwa nini mchoro unaniambia niweke uzito kwenye ncha ya bawa la nje? Si tunapambana kupunguza uzito?

Swali zuri, na wachache huliuliza. Waya nazo zina uzito. Waya mbili za mita 18 zenye unene wa milimita 0.4 hivi hufika karibu gramu 30, na takriban nusu yake inaning'inia kwenye bawa la ndani. Bila kitu cha kusawazisha upande wa pili, bawa hilo huzama na ndege huinama kuelekea kwako. Anza na gramu 20, weka kijisanduku chenye kifuniko ili uweze kuongeza na kupunguza.

Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Chukua ndege ya kilo 1, kwenye waya za mita 18, inayomaliza mzunguko kwa sekunde 5.2. Inavuta mkono wako kwa nguvu ya karibu kilo 2.7. Ikipita juu ya kichwa chako, uzito wake wenyewe unapunguza kilo 1, bado unabaki na kilo 1.7 za kuiongozea. Sasa iache izunguke kwa sekunde 7: mvuto wa kawaida ni kilo 1.5, na juu ya kichwa unabaki na nusu kilo tu. Upepo mdogo ukikupiga hapo, waya zimelegea.

Utaniambia kuwa ndege nzito huvuta zaidi. Ni kweli, kama mwendo ni ule ule. Lakini injini ile ile haiwezi kuipa mwendo ule ule inapopanda na kukata kona, na mwendo ndio unaobeba hesabu yote, maana nguvu ya mvuto hukua kwa mraba wake.

Kitovu cha uzito kiwe wapi?

Kwa ndege ya kujifunzia, kati ya asilimia 15 na 20 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20: sentimita 3 hadi 4. Pima bila mafuta tangini. Kikirudi nyuma zaidi ndege huwa na kiherehere na hutaweza kuituliza. Waya zitokee kwenye ncha ya bawa nyuma kidogo ya kitovu hicho, sentimita moja au moja na nusu, ili pua ielekee nje ya duara kidogo.

Nani aligundua mtindo huu wa waya?

Jina linalotajwa zaidi ni Jim Walker wa Portland, Oregon, Marekani, aliyeuza ndege yake ya Fireball mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kupata hataza. Lakini Oba St. Clair, wa jimbo hilo hilo, alikuwa amekwisha kurusha kwa njia ya namna hiyo katika miaka ya 1930, na ushahidi wake mahakamani mwaka 1955 uliifanya hataza ya Walker iangushwe. Mimi huwataja wote wawili.

Naweza kutumia mota ya umeme?

Ndiyo, na kwa anayeanza naipendelea. Haina mafuta ya kulowesha balsa, na kifaa kidogo cha kuhesabu muda huizima kwa wakati uliopanga. Ukichagua injini, paka ndani ya chumba cha tangi epoksi iliyolainishwa kabla hujafunga kitu, kwani mafuta ya mbarika yaliyomo kwenye mafuta ya injini yakishaingia kwenye balsa hakuna gundi itakayoshika hapo tena.

Mwanangu wa miaka 11 ameijenga ndege yake mwenyewe na anataka kuirusha. Naogopa kizunguzungu chake, na naiogopa ndege yenyewe.

Mama, hofu yako ni ya haki, na kwanza nimpongeze mtoto. Kizunguzungu hupungua akiitazama ndege peke yake, asiangalie miti na watu nyuma yake. Miruko ya kwanza iwe mifupi, ya mizunguko sita au saba, na mtu mzima asimame nyuma yake akiwa ameshika mkono wake pamoja na mpini. Mwambie aongoze kwa mkono mzima kutoka begani, kiwiko kikiwa kimenyooka. Wanaotumia kifundo cha mkono huifanya ndege irukeruke kama panzi. Kichwa kikimzunguka, achuchumae huku mkono ukibaki umenyooka. Injini ikizima, arudi nyuma hatua kadhaa ili waya zibaki zimekaza hadi magurudumu yaguse ardhi.

Ndege iachiwe pale upepo unapotokea mkiani mwake, ili ikifika upande ambao upepo unaisukuma nje, iwe tayari ina mwendo. Kamba ya usalama ifungwe kati ya mpini na kifundo cha mkono, kila mara. Watazamaji wote wakae mbali nje ya duara, na mtoto mwingine asiingie hata kuokota kofia.

Waya za umeme ndizo ninazokuomba usizifanyie mzaha. Hizi waya zetu ni za chuma na anazishika mkononi. Zikigusa zile za umeme, zinaua. Kabla ya kushusha ndege kutoka kwenye gari, zunguka uwanja wote mkitazama juu, wewe na yeye, na mkiona waya za umeme karibu, tafuteni uwanja mwingine. Ngurumo zikianza kusikika, hata kwa mbali, mfungashe.