Asilimia 101 ya mrututu: usiilaumu mizani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba ulitengeneza fuwele za mrututu (salfeti ya shaba) kwa gramu 2.50 za oksaidi ya shaba na mililita 25 za asidi ya salfuriki yenye moli 1 (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa lita, ukapata gramu 5.05, hesabu ikakupa asilimia 101 ya zao lililotarajiwa, na sasa unashuku kwamba mizani ya maabara ni mbovu. Nimeirudia hesabu yako na kuona makosa mawili, ambayo kwa bahati mbaya yamefichana.

Kosa la kwanza ni kuanzia kwenye oksaidi. Katika jaribio hili oksaidi huwekwa nyingi kwa makusudi, ili asidi yote iishe na isibaki kwenye fuwele. Ule unga mweusi uliobaki kwenye karatasi ya chujio ndio ushahidi wake. Gramu 2.50 ukigawa kwa 79.5, uzito wa moli ya oksaidi, ni moli 0.0314, ilhali asidi yako ilikuwa moli 0.025 tu. Kwa kuwa moli moja ya asidi hutoa moli moja ya mrututu, huwezi kupata zaidi ya moli 0.025, hata ungemwaga kopo zima la oksaidi.

Kosa la pili ni kutumia 159.5. Huo ni uzito wa moli ya mrututu mkavu, ambao ni unga mweupe, na wewe mwenyewe umeandika kwamba fuwele zako zilikuwa za bluu. Rangi hiyo inatokana na maji yaliyojifunga ndani ya fuwele, molekuli tano kwa kila moja ya mrututu, na uzito wa moli kwa hiyo ni 249.5. Zao la juu kabisa ulilopaswa kulitarajia ni 0.025 mara 249.5, yaani gramu 6.24, na gramu zako 5.05 ni asilimia 81. Ungesahihisha kosa la pili peke yake ungepata 64, na ungesahihisha la kwanza peke yake ungepata 127. Ndiyo maana 101 ilionekana kama kasoro ndogo ya kipimo.

Nakiri kwamba nami niliilaumu mizani nilipokuwa mwaka wa kwanza. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini nilipima fuwele jioni ile ile zikiwa bado zinanata kwenye kijiko, nikapata gramu 6.9 na asilimia 111. Mwalimu wa maabara hakusema neno. Alizitandaza kati ya karatasi mbili za chujio, akaziacha mezani, na kesho yake zilikuwa gramu 5.2. Mwenzangu aliyetaka kuwahi aliziweka zake kwenye tanuri lenye joto kali, na alipofungua mlango akakuta zimepauka na nyingine kuwa nyeupe kabisa, kwa sababu maji ya ndani nayo yalikuwa yametoka, na uzito wa 249.5 haukumfaa tena.

Umeuliza pia gramu zilizopungua zimekwenda wapi. Nyingi zilibaki kwenye majimaji ya bluu uliyoyamwaga baada ya kuchuja. Maji ya joto la kawaida la chumba huyeyusha takribani gramu 32 za fuwele hizi kwa kila mililita 100, kwa hiyo mililita nne tu zilizobaki kwenye bika zinaweza kuondoka na zaidi ya gramu moja, ambayo karibu ndiyo tofauti yako nzima. Ungeweza kuyachemsha zaidi yapungue, ila ukizidisha fuwele hurukaruka na kutoka kwenye bakuli. Binafsi naona asilimia 81 kwa jaribio la kwanza si haba.

Katika ripoti, usiifute 101. Ikate kwa mstari mmoja, andika 81 pembeni, na eleza ni ile oksaidi iliyobaki kwenye chujio iliyokuonyesha ulipokosea.