Fuata oksijeni, usifuate kamba: ushauri kwa wapimaji wa naitrojeni Ziwa Tanganyika

"Shikamoo. Mwezi wa saba nilipata naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni) nyingi kwenye kina cha mita 100, mwezi wa kumi pale pale sikupata kitu. Nimeharibu sampuli?" Ujumbe huu umetoka kwa mwanafunzi anayepimia nje kidogo ya Kibirizi, Kigoma.

Marahaba, mdogo wangu. Huenda hukuharibu chochote. Ziwa ndilo lililohama.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule Mpulungu, Zambia, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Huku Kigoma maji ya vuguvugu hurundikana na mpaka wa oksijeni, yaani kina ambapo oksijeni huishia, hushuka. Upepo ukikatika, ziwa lote huanza kuyumba kama maji ndani ya beseni lililoinuliwa upande mmoja, ila yumbo moja huchukua wiki kadhaa. Mpaka ule hupanda tena Kigoma. Kwa hiyo mita 100 za Julai zilikuwa na oksijeni, na za Oktoba hazikuwa nayo.

Vijidudu huufuata mpaka huo. Juu yake, penye oksijeni, kuna vinavyogeuza amonia (naitrojeni iliyoungana na hidrojeni) kuwa naitraiti, na vingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Chini yake amonia hulundikana bila wa kuigeuza. Katikati, kwenye utepe mwembamba, wamo bakteria wa anamoksi wanaounganisha amonia na naitraiti kutoa gesi ya naitrojeni, ambayo mwani wa kawaida hauwezi kuitumia. Hapa Kigoma utepe huo uliripotiwa mwaka 2006 kwenye mita 100 hadi 110. Pwani za Namibia na Peru, ambako upepo huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, bakteria wa namna hiyo hupoteza naitrojeni nyingi ya bahari. Ziwani kwetu, maji yanayopanda yakiwa yamepungukiwa naitrojeni lakini yana fosforasi, hunufaika sianobakteria, bakteria wa kijani wanaoweza kutumia naitrojeni ya hewani. Ndiyo maana upepo ukitulia unaweza kuona utando wa kijani juu ya maji.

Sasa kamba inayoshusha chupa ya sampuli. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima, mita 100 za kamba ni mita 87 tu za kina. Umeukosa utepe wote! Ongeza uzito chini ya chupa, pima pembe, zidisha urefu wa kamba kwa kosaini ya pembe hiyo upate kina. Kisha tafuta mpaka kwanza: pima oksijeni kila baada ya mita 20 mpaka ufike mita 60, halafu kila baada ya mita 5 mpaka ufike mita 130. Sampuli za naitrojeni chukua juu ya mpaka, ndani yake na chini yake, popote ulipo siku hiyo.

Kama huna kipima oksijeni chenye waya mrefu, tumia njia ya Winkler, inayoonyesha oksijeni kwa kemikali. Ingiza mpira mwembamba hadi chini ya chupa ya kioo, acha maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, bila kiputo hata kimoja. Tia manganisi salfeti, kisha iodidi yenye alkali, funga, pindua. Mashapo ya kahawia: oksijeni ipo. Yakibaki meupe umeshavuka mpaka. Ukinusa mayai viza, umekwenda chini mno.

Chupa hii ya oksijeni ijazwe kwanza kabla ya nyingine zote. Za amonia zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 na kusuuzwa vizuri. Vaa glavu, na asivute mtu sigara botini, maana moshi wake una amonia. Mililita 50 za kwanza zinazopita kwenye kichujio zimwage. Amonia na naitraiti zipimwe siku hiyo hiyo. Zikishindikana, gandisha nyuzi 20 chini ya sifuri, na robo ya chupa ibaki tupu, la sivyo itapasuka usiku.